Get sio kupata tu: mwongozo kamili wa kulielewa na kulitumia hili neno la Kiingereza

Muulize mtu yeyote aliyepita shule huku kwetu get maana yake nini, atakujibu kupata, na hajakosea maana ndo ilivyo kwenye daftari la msamiati na ndo inayotangulia kwenye kamusi nyingi. Shida inaanza pale anapokutana na "it's getting dark" au mwenzake anamwambia "I don't get you" au bosi anamtumia meseji "get him to sign", akijaribu kuweka kupata kila sehemu sentensi inagoma, basi anabaki kukisia, na kukisia kwenye meseji ya kazi kunaweza kukuletea matatizo makubwa.

Mimi naamini kabisa kwamba mzungumzaji wa Kiswahili ana faida kwenye hili neno ila hajaambiwa tu. Kiswahili chetu kinabadilisha mwisho wa kitenzi: vunja, vunjika, vunjwa, vunjisha. Kitenzi kimoja, unaongeza kipande kidogo maana inageuka. Kiingereza hakina hiyo mikia, kwahiyo kazi kubwa ambayo sisi tunaifanya kwa -ika, -wa na -isha wao wanamtwisha get. Ukishalishika hilo, nusu ya matumizi ya get unakuwa unayajua tayari, kinachobaki ni kuyatambua ukiyaona.

Twende hatua kwa hatua, usiruke hatua ya tatu na ya nne maana ndo zenye nyama.

Hatua ya kwanza: jua maumbo yake

Sasa hivi ni get, kwa he, she na it inakuwa gets, ikiwa inaendelea ni getting yenye t mbili, wengi wanaandika geting na inaonekana vibaya hasa kwenye barua. Wakati uliopita ni got. Umbo la tatu ndo kuna ubishi, Waingereza wanasema got, Wamarekani wanasema gotten. Sio kwamba Wamarekani wameharibu lugha kama watu wanavyodai, gotten ilikuwa inatumika Uingereza zamani, Waingereza wakaiacha wenyewe na Wamarekani wakabaki nayo.

Ila Mmarekani hasemi gotten kila sehemu, hapa zingatia. "I've gotten a new phone" kwake ni nimepata simu mpya, yaani imenifikia. "I've got a new phone" ni nina simu mpya, basi. Kwa Muingereza got inabeba zote mbili na unaelewa kwa mazingira. Shuleni kwetu Tanzania, Kenya na Uganda tunafuata Kiingereza cha Uingereza kwahiyo kwenye mtihani andika got, ukiwa unaongea na ndugu zako wa Marekani sema unavyotaka, ila ukichagua upande mmoja baki nao.

Kuhusu matamshi kuna jambo moja tu la kusema. Wamarekani t ikiwa katikati ya irabu wanailegeza, kwahiyo "getting" unasikia kama gering na "get it" unasikia kama geri. Watu wengi wanadhani hawajui msamiati kumbe ni sikio halijazoea hiyo r.

Neno lenyewe lilifika Uingereza na watu wa Skandinavia, wale Waviking waliovamia kisha wakahamia kuanzia karne ya 9, kwao lilikuwa geta na maana yake ilikuwa kupata kweli. Matumizi mengine yameota baadaye juu ya hiyo, ndo maana ukichunguza vizuri karibu kila get utakuta ndani yake kuna kitu kinahama: ama kitu kinakuja kwako, ama wewe unaenda mahali, ama hali inageuka kuwa nyingine.

Hatua ya pili: acha kuitazama get, tazama kinachofuata

Hii ndo siri ya kazi yote. Get peke yake haikuambii kitu, neno linalokuja baada yake ndo linakuambia. Ukiona nomino (letter, money, job), maana ni kupata, kupokea, kununua au kuleta. Ukiona kivumishi (tired, dark, old) maana ni kuwa hivyo. Ukiona kitenzi cha umbo la tatu (paid, fired, robbed) maana ni kutendwa. Ukiona mahali (home, there, to Mwanza) maana ni kufika. Ukiona mtu halafu to na kitenzi, maana ni kumfanya mtu afanye. Na ukiona kaneno kadogo kama up, off, over, through, hiyo ni maana yake ya pekee inabidi uijifunze.

Tuanze na nomino kwa sababu ni nyepesi ila ina mitego yake. "I got your letter" nimepokea barua yako. "I got this shirt in Kariakoo" hii shati niliinunua Kariakoo, hapo wengi wanadhani aliokota au alipewa, hapana, get ndo neno la kawaida kabisa la kununua kwenye maongezi. "Get me a chair" niletee kiti. "I get it" naelewa, na hapa Kiswahili tunafanana nao maana hata sisi tunasema umenipata? nimekupata mkuu.

Kwa wale wanaofanya kazi hotelini, iwe Nungwi, Arusha au Diani, kuna sentensi mbili zinafanana sana na zinaelekea pande tofauti. Mgeni akisema "Can I get a coffee?" anaagiza, ni sawa na naomba kahawa, usimjibu kwamba ndiyo unaweza halafu ukaendelea kusimama. Wewe ukisema "Can I get you a coffee?" unamuuliza nikuletee kahawa? Hilo you moja ndo linageuza nani anamletea nani. Ukisahau ukamwambia mgeni "Can I get a coffee?" umemuagiza yeye. Na mkiwa mezani na mtu akachomoa pochi akasema "I'll get this" maana yake analipa yeye. Mlango ukigongwa mwenzako akasema "I'll get it" anaenda kufungua, simu ikiita ni hivohivo, anaenda kupokea.

Hatua ya tatu: get na hali, na namna -me- inavyokusaidia

Hapa ndo wengi wanapoteana kwa hiyo nitakaa kidogo.

Get tired kuchoka, get angry kukasirika, get wet kulowa, get old kuzeeka, get drunk kulewa, get lost kupotea, get dirty kuchafuka, get used to kuzoea, get ready kujiandaa, get better kupata nafuu. Unaona Kiswahili tunatumia kitenzi kimoja kilichoshiba, wao wanachukua get wanaongeza neno la hali. Kwahiyo ukitaka kusema kulowa kwa Kiingereza usianze kutafuta kitenzi cha kulowa utapata taabu bure, tafuta hali yake ambayo ni wet, weka get mbele.

Sasa swali linalosumbua: lini niseme "I am tired" na lini "I get tired" au "I got tired"? Kiswahili chako kinakujibu, sikiliza vizuri viambishi vyako. Ukisema nimechoka unaeleza hali uliyonayo sasa hivi, hiyo ni be: "I am tired". Ukisema nachoka au naanza kuchoka, hali inabadilika, hiyo ni get: "I'm getting tired". Nilichoka nikakaa kuna badiliko lilitokea, "I got tired and sat down". Nilikuwa nimechoka, hali ilikuwepo tayari, "I was tired".

Jaribu kwa kulewa. Amelewa, "he is drunk". Huwa analewa kila Ijumaa, "he gets drunk every Friday". Alilewa kwenye harusi, "he got drunk at the wedding". Alikuwa amelewa, "he was drunk". Kila mara -me- ikiwa inaeleza hali ya mtu unatumia be, na kukiwa na mabadiliko unatumia get. Ni kanuni ya kuanzia, sio sheria ya asilimia mia, maana mtu akiingia ndani anadondosha maji akasema nimelowa unaweza kuitafsiri "I'm wet" au "I got wet" zote zikakubali, lakini itakuokoa mara nyingi sana na itakuondolea ile "I have tired" ambayo inatokana na kuigeuza -me- kuwa have bila kufikiri.

Sasa kuoa na kuolewa. Kwetu mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa, Kiingereza wote wawili wana-get married. Naolewa mwezi ujao, "I'm getting married next month". Nimeolewa, "I'm married", hali hiyo, si unaona -me- tena. Ameolewa na Juma, "she is married to Juma", ni to, sio with wala by. Hiyo by ina hatari yake: ukiandika "I was married by Juma" Muingereza anaelewa kwamba Juma ndo aliyefungisha ndoa, yaani Juma ni padri au shehe au ofisa wa serikali, na mume ni mtu mwingine ambaye hujamtaja. Tofauti kubwa hiyo, na fomu za viza na za kazi huwa zinauliza mambo haya kwahiyo sio kitu kidogo. Na usiandike "get marry", ni married siku zote.

Hatua ya nne: get na -wa, get na -isha

Kutendwa kwanza. "I get paid on Friday" nalipwa Ijumaa. "He got fired" alifukuzwa kazi. "We got robbed" tuliibiwa. Kwanini wasitumie was? Wanaweza, "we were robbed" ni sahihi kabisa na kwenye maandishi rasmi ndo bora zaidi, ila get inaleta hisia kwamba tukio limemkuta mtu, limempiga ghafla au limebadilisha mambo yake. Ndo maana inapenda kukaa na matukio yanayomgusa mtu: got hurt, got caught, got arrested, got promoted, got invited. Haipendi mambo yaliyotulia, huwezi kusema "she got loved by everyone", sema was loved. Nyumba iliyojengwa 1970 ni "it was built in 1970", ukisema got built inasikika ya ajabu.

Kutendesha sasa, na hapa naona Kiswahili kinawapita. Unapeleka kitambaa kwa fundi, ukirudi nyumbani unasema nimeshonesha gauni. Ile -esha inaonyesha kwamba hukushona wewe, umeshonewa na fundi. Kiingereza wanasema "I got a dress made". Mpangilio ni get, halafu kitu, halafu kitenzi umbo la tatu. Nimetengenezesha simu, "I got my phone fixed". Nimetoa kopi cheti stationery, "I got my certificate copied".

Angalia mtego wa nywele. Sisi kwenye kunyoa na kusuka hatujali sana nani kashika mkasi, tunasema naenda kunyoa, nimesuka, na kila mtu anajua kuna kinyozi au msusi. Muingereza anajali. "I cut my hair" anaelewa umekata mwenyewe mbele ya kioo. "I got my hair cut" ndo umeenda kwa kinyozi. Dada ukisema "I braided my hair" umejisuka, "I got my hair braided" umesukwa saluni.

Upande wa pili ni kumfanya mtu afanye: get + mtu + to + kitenzi. "I got him to sign" nilimfanya asaini, na ndani yake kuna jitihada, kumbembeleza, kumshawishi, kumzungusha mpaka akakubali. Linganisha na wenzake kwa sababu mtihani unapenda kuwachanganya: "I made him sign" nilimlazimisha, "I had him sign" nilimpa tu asaini kwa kuwa ni kazi yake au nina mamlaka, "I let him sign" nilimruhusu. Made, had na let hazitaki to, get inataka to, ukiisahau sentensi inavunjika. Kwahiyo bosi akikuandikia "get him to sign" anakupa wewe kazi ya kuhakikisha huyo jamaa anasaini, sio kumwambia tu mara moja halafu unakaa.

Hatua ya tano: got to, ambazo ni tatu sio moja

"I've got to go" inabidi niende, lazima. Kwenye maongezi have inamezwa na got to inageuka gotta, "I gotta go". Usiandike gotta kwenye barua.

"I got to meet the minister" nilipata bahati ya kukutana na waziri. Hapa hakuna ulazima kabisa, kuna nafasi adimu. Ukiwa unasimulia kitu cha jana au mwaka jana na hakuna have mbele, mara nyingi ni hii.

"I got to know her at college" nilikuja kumfahamu chuoni. Ile -ja yetu ya nikaja kujua, akaja kugundua, ndo get to ya hapa, jambo limekuja taratibu. Inakaa na know, like na mengine machache ya namna hiyo.

Hatua ya sita: kufika, kupanda, kushuka

"What time did you get home?" ulifika saa ngapi nyumbani. "How do I get to Ubungo?" nafikaje Ubungo. Home, here na there hazitaki to, mahali pengine panaitaka: get home, get there, lakini get to work, get to Mombasa.

Afrika Mashariki tunasema sana "I have reached" kwa maana ya nimefika, Nairobi na Kampala unaisikia kila siku, na sisi kwa sisi tunaelewana vizuri na sioni sababu ya mtu kumcheka mwenzake. Ila ukiwa unaongea na Muingereza anabaki anasubiri, reached wapi? Kwake reach inataka mahali papo hapo. Mwambie "I'm here" ukiwa umemfikia, au "I got home safely" ukiwa umefika kwako.

Vyombo vya usafiri vina kanuni nzuri ya kukumbuka. Chombo ambacho unaweza kusimama na kutembea ndani ni get on na get off: basi, treni, ndege, boti ya Zanzibar. Chombo ambacho unainama unaingia unakaa ni get in na get out of: gari dogo, teksi, bajaji. Chombo unachokaa juu yake kama bodaboda, baiskeli au farasi kinarudi kwenye get on, get off. Kwahiyo konda akisema shuka hapa, ni "get off here", dereva teksi akisema shuka ni "get out", ila get out ikisemwa peke yake kwa ukali ni toka! ya kufukuza, angalia sauti yako.

Hatua ya saba: zile zenye kaneno kadogo

Hizi ni nyingi sana na hakuna mtu anazijua zote kwa siku moja, mimi ningekushauri uanze na hizi zinazokutana na maisha ya kila siku, zingine zitakuja zenyewe.

Get up kuamka na kutoka kitandani. Wake up ni kufumbua macho tu, unaweza ku-wake up saa kumi na mbili ukaja ku-get up saa mbili.

Get along ni kupatana au kuelewana, "they don't get along" hawapatani, na ona jinsi patana yetu imetoka kwenye pata, lugha mbili tofauti kabisa na njia moja.

Get through ina mbili. Ya simu, "I couldn't get through to you" ulikuwa hupatikani, na ya maisha, "we got through a hard year" tuliuvuka mwaka mgumu.

Get over ni kupona jambo, iwe ugonjwa au mapenzi yaliyovunjika. Kuwa makini na "get over it" kwa mtu mwenye majonzi, ni maneno makali yanayomwambia aache kulia, kwa mfiwa usiyatumie kamwe. Mgonjwa mwambie "get well soon", ndo ugua pole yao.

Get by ni maisha kusogea kwa shida, mtu anajikimu, hela inatosha kula tu. Get away with ni kufanya kosa ukaachwa, hukushikwa wala kuadhibiwa. Get rid of kuondoa au kutupa kitu usichokitaka. What are you getting at? ni unataka kusema nini hasa, inaulizwa mtu anapozunguka.

Get back to ndo muhimu kwa wanaotafuta kazi. "We'll get back to you" ni tutakujibu, tutakutafuta, haina ahadi ndani yake ya kukupa kazi wala siku ya kukujibu, kwahiyo shukuru, halafu uliza kwa heshima utarajie jibu lini, na endelea kuomba kwingine.

Hatua ya nane: jua pa kuiacha

Get ni neno la maongezi, meseji, simu na barua pepe za watu mnaojuana. Kwenye CV, barua ya maombi, ripoti na insha ya mtihani ipunguze. Weka obtain au receive badala ya kupata na kupokea, become kwa hali, arrive au reach kwa kufika, understand kwa kuelewa, must kwa lazima. "I got a degree" kwenye CV andika "I obtained a degree". Ila usigeuze pia maongezi yako yakawa kama hotuba ya bungeni, ukimwambia rafiki yako "I have obtained a cold" atashangaa, nina mafua ni "I've got a cold".

Na kuna sehemu Kiswahili kinasema pata lakini Kiingereza hakitaki get kabisa. Nilipata ajali ni "I had an accident". Amepata mtoto ni "she had a baby". Amepata mimba inakubali get ila inataka kivumishi, "she got pregnant", sio got pregnancy. Na kisu kinachopata ni sharp, get haiingii humo hata kidogo.

Hatua ya tisa: ifanyie kazi

Chukua meseji hii, isome pole pole kabla hujashuka kwenye maelezo yangu:

*"Got your message but I don't get the last part. I'm getting the bus now, should get there by six. If it gets late, get yourself something to eat. We've got to get this report finished and get Ali to check it."*

Got your message, nomino, nimepokea. Don't get the last part, ni nomino lakini ni maneno, huwezi kuyapokea mkononi, kwahiyo sielewi. Getting the bus, nomino ya usafiri, napanda basi. Get there, mahali, kufika. Gets late, kivumishi, ikichelewa au usiku ukiingia. Get yourself something to eat, jitafutie chakula, ununue au uchukue. We've got to, lazima. Get this report finished, kitu na umbo la tatu, tuhakikishe ripoti imeisha. Get Ali to check, mtu na to, tumfanye Ali aipitie. Mtindo ni huohuo wa kutazama kinachofuata, haujabadilika popote.

Fanya hivi na kila unachokisoma au kukisikia. Ukikutana na get kwenye muvi au habari iandike na sentensi nzima, usiandike neno peke yake halisaidii, pembeni andika kitenzi cha Kiswahili ambacho mtu wa kwenu angekisema kweli. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) inasaidia, na zile za Cambridge na Longman zipo bure mtandaoni zikiwa na mifano mingi. Programu za kutafsiri usizitupe ila usiziamini kwenye get bila kupima kwa hatua ya pili.

Haya jipime, funika majibu kwanza:

1. Giza linaingia, twendeni.
2. Hawa ndugu hawapatani.
3. Nimeshonesha suruali kwa fundi.
4. Nilikupigia ukawa hupatikani.
5. Ameolewa na mwalimu.
6. Alipata ajali jana.
7. Mama alimbembeleza mtoto mpaka akanywa dawa.
8. Nalipwa mwisho wa mwezi.
9. Nimezoea baridi.
10. Nilipata bahati ya kuuona mlima Kilimanjaro.

Majibu: 1. It's getting dark, let's get going. 2. These brothers don't get along. 3. I got some trousers made by a tailor. 4. I called but I couldn't get through. 5. She is married to a teacher. 6. He had an accident yesterday. 7. Mum got the child to take the medicine. 8. I get paid at the end of the month. 9. I'm used to the cold. 10. I got to see Mount Kilimanjaro.

Namba 5 na 9 kama uliweka get rudi hatua ya tatu uangalie -me-. Namba 6 haina get, na namba 7 kama uliandika made sio kosa la sarufi ila umemfanya mama amlazimishe mtoto, na kwenye sentensi yetu mama alibembeleza.